Mtaalamu Akija Shuleni, Mpe Jembe

SWALI: Nafundisha kemia na fizikia katika shule ya kata wilayani Misungwi. Kidato cha pili peke yake kina wanafunzi 94 katika mikondo miwili. Maabara tunayo, vifaa ni haba. Mwaka jana tulimwalika mhandisi kutoka mjini, akazungumza na watoto saa nzima, wakampigia makofi, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuna aliyekumbuka kitu. Mkuu wa shule bado anataka tushirikiane na wataalamu wa sayansi na teknolojia walioko Mwanza. Tuanzie wapi ili safari hii kazi ionekane?

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mhandisi wenu alipewa kiti na kipaza sauti, jembe hakupewa. Hotuba ya kuhamasisha humwonyesha mtoto kwamba kuna watu waliofika mbali. Haimwonyeshi hatua hata moja ya njia waliyopita. Kwa hiyo safari hii msimwombe mtu aje kuzungumza. Mwombeni alete tatizo moja la kazini kwake, lenye vipimo, linaloangukia kwenye mada unayofundisha wiki hiyo, na watoto walifanye kwa mikono yao. Kisha arudi kwa watoto walewale. Mara tatu kwa mwaka na darasa moja zina faida kuliko ziara kumi za shule nzima uwanjani.

Nchi hii ina mfano wake mkubwa wa ziara iliyozaa kitu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akamuuliza swali lake na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanalijadili jambo hilo mpaka leo. Lililofanya ziara ile izae ni mambo mawili: mwanafunzi alipewa nafasi ya kuuliza, na mgeni aliondoka na swali ambalo hakuwa na jibu lake. Haya yote mawili unaweza kuyapanga. Tenga dakika za maswali ambazo hazimezwi na kitu kingine, na lile lililomshinda mgeni liandikwe kwenye daftari, aje nalo safari inayofuata.

Sasa, nani wa kumwita? Wengi hukimbilia meneja au mkurugenzi. Huyo ana vikao, atakupa dakika ishirini na kutuma salamu. Mtu unayemhitaji ni fundi sanifu wa maabara, mpima ubora, mhandisi kijana au fundi mchundo ambaye kila siku mkono wake unagusa kipimo. Mwanza imejaa watu hao. Mamlaka ya maji ina watu wa maabara kwenye mitambo ya kusafisha maji ya ziwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria inapima mito na visima. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo Mwanza, na wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, yuko Nyegezi. NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanatafiti kichocho na magonjwa mengine. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda, Mamlaka ya Hali ya Hewa ipo uwanja wa ndege, viwanda vya samaki vina vyumba vya kupima ubora, na karakana za boti na meli zina wachomeleaji wanaojua chuma kuliko kitabu chochote. Usimdharau fundi wa injini za boti wa pale mwaloni, boti zinaposhushia samaki. Mada ya injini ya mwako wa ndani ataifundisha vizuri kuliko mhadhiri, ilimradi wewe umeshika kitabu upande wa pili.

Barua ndiyo inayoamua mengi. Iandikwe na mkuu wa shule kwenda kwa mkuu wa taasisi, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, kwa sababu mgeni anayeingia darasani lazima ofisi ijue. Usiandike "tunaomba ushirikiano wenu katika masuala ya sayansi". Barua ya namna hiyo hukaa kwenye faili. Taja mada, kidato, idadi ya wanafunzi, muda (vipindi viwili mfululizo, dakika 80), tarehe tatu za kuchagua, na aina ya mtu: "fundi sanifu wa maabara ya maji". Sema wazi kwamba shule itarudisha nauli na kumpa chakula cha mchana, na kwamba posho haipo. Neno hilo likifichwa huibuka siku ya mwisho na kuharibu uhusiano; likisemwa mapema, wanaokubali ni wale waliokusudia kuja. Omba pia jina la mtu wa pili. Watumishi huhamishwa, na ushirikiano uliofungwa kwa mtu mmoja huhama naye kwenda Kigoma.

Wiki mbili kabla, kaeni wawili kwa saa moja, ana kwa ana au kwa simu. Hapa ndipo ziara nyingi hufia, kwa sababu kikao hiki hakifanyiki. Mpe ukurasa wa muhtasari wa somo na nakala ya maswali mawili ya mtihani wa taifa ya mada hiyo ajue kina kinachotakiwa. Muulize: ni kipimo gani unakichukua kila siku? Kikitoka vibaya unafanya nini? Una takwimu za miezi kadhaa tunazoruhusiwa kuzitumia? Ukishajua kosa linalomsumbua kazini, umepata somo. Watoto hawasahau mahali mambo yanapoharibika.

Nikuonyeshe somo moja kamili, uone ninachomaanisha. Mada ni usafishaji wa maji, mgeni ni fundi sanifu wa mtambo wa maji. Kazi yake ya kila siku ni kujua atie shabu (alum) kiasi gani ili tope lishuke, na jaribio analolifanya kwenye maabara yake linafanyika darasani kwa chupa za plastiki.

Mkondo mmoja una wanafunzi 47: vikundi saba vya watu sita na kimoja cha watano. Kila kikundi kina chupa sita angavu za lita moja, zimekatwa shingo na kuzungushiwa utepe wa gundi ukingoni zisikate vidole. Kwa hiyo kila mtoto anakoroga chupa yake, hakuna mtazamaji. Maji ya tope yatengenezwe: gramu 20 za udongo laini wa mfinyanzi kwa ndoo ya lita 20, koroga, acha saa moja chembe nzito zishuke, chota ya juu. Ndoo mbili zinatosha, kwani kila chupa inapata nusu lita tu na jumla ni lita 24. Tumia maji ya kisima au ya bomba. Maji ya mvua hayafai, na sababu yake nitaieleza.

Shabu: pima gramu 10, yeyusha kwenye maji safi mpaka ifike lita moja. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10. Kwa bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, weka mililita 0, 0.5, 1, 1.5, 2 na 3 katika chupa sita. Kwa kuwa chupa ina nusu lita, vipimo vinakuwa miligramu 0, 10, 20, 30, 40 na 60 kwa lita. Acha watoto wafanye hesabu hiyo wenyewe kabla ya kugusa chupa. Ndiyo sehemu wanayokosea kwenye mtihani. Koroga haraka dakika moja. Kisha koroga polepole kwa kijiti dakika 15, mzunguko mmoja kila sekunde mbili. Acha itulie dakika 30. Chini ya kila chupa weka karatasi yenye msalaba wa kalamu nyeusi, watazame kutoka juu na kupanga chupa kuanzia ile inayoonyesha msalaba vizuri hadi isiyoonyesha.

Dakika 30 za kungoja ni za mgeni. Hapo ndipo aonyeshe takwimu zake za kiangazi na za masika, na kuwauliza kwa nini kiasi cha dawa hubadilika. Dakika kumi za mwanzo ni zako: kila kikundi kiandike chupa gani itashinda, na kwa nini. Bila kubashiri kwanza, jaribio linakuwa maonyesho.

Yatakayoharibika ni haya. Wanafunzi hukoroga kwa nguvu muda wote, mabonge mepesi yaliyoanza kujiunga yanavunjika na maji hayasafiki. Mwambie mgeni asiwazuie, waone tofauti na kikundi cha jirani. Ukitumia maji ya mvua, shabu haifanyi kazi vizuri, kwa kuwa inahitaji bikaboneti iliyomo majini ili itengeneze haidroksaidi ya alumini inayonasa tope. Bikaboneti ikiisha maji yanakuwa ya asidi na mabonge hayajengeki. Weka chupa moja ya maji ya mvua pembeni makusudi, kisha mgeni atie magadi ya unga kwenye ncha ya kijiko na kurudia. Kidato cha pili watashangaa. Kidato cha nne waandike mlinganyo wake.

Kosa la tatu ni la ununuzi, na ndilo linalowatatiza walimu wengi. Shabu ya dukani mara nyingi ni ya potasiamu, wakati mitambo ya maji hutumia zaidi salfeti ya alumini. Ya dukani ina alumini karibu asilimia 5.7 kwa uzito, ya mtambo karibu 9.1. Kwa hiyo ile ya dukani utahitaji mara 1.6 hivi kufikia matokeo yaleyale. Usipolijua hili, mgeni atasema "kwetu miligramu 25 zinatosha", darasani zinatosha 40, na watoto watadhani sayansi ya kitabuni ni moja na ya kazini nyingine. Mwombe aje na gramu 50 za ile ya kwake. Mtambo wake ukitumia kemikali tofauti kabisa, hilo nalo lijulikane kwenye kikao cha maandalizi, lisije kujulikana mbele ya darasa.

Mgeni afundishe nawe mkondo wa kwanza. Mkondo wa pili ufundishe wewe, yeye akae nyuma akiangalia na kukurekebisha baadaye. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mwakani huenda asije, bomba likipasuka asubuhi hiyo hatakuja kabisa, na somo lazima libaki shuleni. Faida kubwa ya mtaalamu ni kile anachokuachia wewe mwalimu.

Masomo mengine nitayagusa kwa kifupi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwenu maji huchemka karibu nyuzi 96, na kila mwaka wanafunzi wa Mwanza huandika 100 kwa sababu kitabu kimesema, au wanasema kipimajoto ni kibovu. Mtu wa hali ya hewa akija na vipimo vya mgandamizo wa hewa, jambo linakaa sawa. Lakini mwombe kipimo cha kituoni, ambacho ni takribani hektopaskali 885. Kile kinachotangazwa kimerekebishwa kwenda usawa wa bahari, kinazidi 1,000, na ukikitumia watoto watahitimisha kwamba Mwanza na Tanga ni sawa.

Ninyi mko Misungwi, mna daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3. Mhandisi wa barabara awafundishe kutanuka kwa vitu kwa joto hapo. Chuma au zege kikitanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, mita 3,000 na badiliko la nyuzi 15 zinatoa sentimita 54. Aulize watoto: sentimita hizo zinakwenda wapi? Aje na picha za viungio vya daraja.

Kwa hisabati na biolojia, mpima ubora wa samaki. Dagaa wabichi kilo moja, tuseme asilimia 75 ni maji, wakikaushwa hadi maji yawe asilimia 15 wanabaki gramu 294 hivi. Wengi watasema 400, kwa kutoa 15 kwenye 75 wakapata 60. Pima kweli kwa siku mbili juu ya kichanja na juu ya mchanga, mlinganishe pia usafi. Mtoto ambaye mama yake anaanika dagaa ataona hesabu imeingia nyumbani kwao.

Lugha. Kufundishia ni Kiingereza, mgeni anafikiri kazi yake kwa Kiswahili cha karakana, na baadhi ya watoto nyumbani wanasema Kisukuma. Mkiacha hivyo, mgeni atahangaika na Kiingereza na utamu wote utapotea. Andaeni maneno kumi tu ya somo hilo kwenye bango, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mgeni aeleze kwa Kiswahili, wewe ukigusa neno kwenye bango kila linapotajwa, na taarifa ya jaribio iandikwe kwa Kiingereza kesho yake. Viongozi wa vikundi wanane wafundishwe jaribio zima jioni ya siku iliyotangulia, nusu yao wasichana, vinginevyo wavulana watashika vifaa na wasichana watashika kalamu.

Usalama hauna mjadala. Mkienda ziwani kuchota sampuli, hakuna mwanafunzi anayeingia majini: kichocho kiko kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono, na viboko na mamba hawatangazi. Chota kutoka gatini kwa ndoo yenye kamba, vaeni glavu, na maji yakae saa 48 kwenye chombo kilichofunikwa kisicho na konokono kabla ya kushikwa ovyo. Vijidudu vya kichocho huwa vimeshakufa. Mkipanda boti, jaketi la kuokolea kwa kila mtu na barua ya mzazi. Mtaalamu wa umeme afundishe kwa betri na paneli ndogo ya jua. Hakuna kufungua kikasha cha umeme wa shule. Na mgeni, awe nani, haachwi peke yake na mwanafunzi. Namba za simu za wanafunzi hazitolewi, mawasiliano yote hupitia kwa mwalimu, na picha hazipigwi bila idhini. Mweleze kabla hajafika. Mtu mwema atashukuru.

Misaada ya vifaa nayo ina mtego wake. Taasisi ikikupa kemikali zilizopitwa na muda, kataa kwa heshima. Zinakaa kabatini zikivuja na kuziteketeza ni kazi ya wenye utaalamu. Kompyuta zilizokufa ni mzigo vilevile. Omba vitu vinavyoisha: karatasi za kupima pH, shabu, bomba za sindano, waya, balbu ndogo. Kifaa kikubwa kipokee pale tu panapotajwa nani atakitengeneza kikiharibika.

Kujua kama kazi inaonekana, usiwaulize watoto kama wamefurahi. Siku tatu kabla wape maswali matano ya mada, mawili ya hesabu. Wape yaleyale wiki mbili baada ya ziara, bila kuwatangazia. Andika wastani wa kila mkondo na idadi ya walioacha swali la hesabu wazi. Namba hiyo ya pili ndiyo hushuka kwanza. Kwa muda mrefu, hesabu wasichana na wavulana wanaoendelea na fizikia na kemia wakiingia kidato cha tatu. Mpelekee mgeni matokeo hayo, ukurasa mmoja, pamoja na maswali matatu ya wanafunzi. Wataalamu wengi huacha kuja kwa sababu hawakuambiwa kilichotokea baada ya wao kuondoka.

Kwa mwaka huu panga ziara mbili muhula wa kwanza na moja muhula wa pili mwezi Julai au Agosti. Oktoba na Novemba achana nazo, mitihani inawabana watoto na wewe. Mwanafunzi akitoka kwenye masomo haya na swali lake mwenyewe la kutafiti, mwelekeze kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania, naye mtaalamu ambaye ameshamzoea awe mshauri wake. Barua ya kwanza ipelekwe wiki ya pili ya Januari kwa mkono, upate mhuri wa kupokelewa na jina la aliyeipokea, na piga simu baada ya siku saba kumuulizia huyohuyo.